Umeme wa kifundoni kwa kibofu kisichotulia: ni tiba ya maisha?

Binti_Chumbageni aliandika:

Asalaam aleykum, na habari za leo wanajukwaa. Naomba mawazo ya waliopitia jambo hili wenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao ya wazee, zamu za mchana na usiku. Nina miaka 47. Kwa muda mrefu sasa kibofu changu hakitulii. Nikibanwa na mkojo hakuna kungoja. Naweza kuwa nimemshika mzee namgeuza kitandani, haja ikaja hapo hapo. Kumwachia siwezi na kujizuia siwezi. Usiku naamka mara nne au tano. Nikifika nyumbani nikitia ufunguo mlangoni, au nikisikia maji ya bomba, ndipo mkojo unapotoka. Tarawehe za msikitini nimeacha, nasali nyumbani peke yangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Vipimo nimefanya. UTI sina, sukari sina, na kipimo cha picha kilionyesha kibofu kinamaliza mkojo vizuri. Mazoezi ya misuli ya nyonga nimefanyishwa na fizio miezi kadhaa. Dawa nazo: oxybutynin ilinikausha mdomo na kunifunga choo, solifenacin hali kadhalika. Mirabegron ilinisaidia kidogo, ila presha ikapanda, daktari akaisimamisha. Nikaambiwa habari za kuchomwa Botox, dawa ya kulegeza misuli, ndani ya kibofu. Niliposikia kuna wanaoshindwa kukojoa baada ya hapo, wakawa wanajitia mpira wa kutolea mkojo wenyewe kwa muda, nikasema hapana. Ya kuwekewa betri chini ya ngozi juu ya tako, ya kupeleka umeme kwenye neva za kibofu, nayo sijawa tayari.

Basi timu ya kliniki ikakaa kikao, ikarudi na jibu: nitatiwa sindano nyembamba karibu na kifundo cha mguu, ipitishwe umeme mdogo nusu saa, mara moja kwa wiki, wiki 12. Nikiona nafuu, niendelee kila mwezi hivi.

Maswali yangu ni haya. Hiyo "kila mwezi" ina mwisho, au ndiyo ya maisha? Umeme wa miaka na miaka hauharibu neva? Na kwa nini mguu, wakati ugonjwa uko kwenye kibofu? Mama yangu mkubwa kule Tanga anasema hili ni chango na yuko tayari kunitumia dawa za mizizi. Namheshimu sana, ila nataka kwanza nielewe hili nililoandikiwa.

Nawasilisha.

BiMkubwa_Wete alijibu:

Waaleykum salaam mwanangu. Pole sana. Hilo la tarawehe nimelisoma mara mbili, maana na mimi lilinikuta.

Mimi ni wa Wete, Pemba, naishi Barking miaka mingi, fundi wa nguo za harusi. Kwenye umeme huo wa mguuni niliingia 2017 na mpaka leo nimo. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu waziwazi: ndiyo, ihesabu kuwa ni tiba ya kuendelea. Zile wiki 12 za mwanzo ni za kukituliza kibofu. Kinachokifanya kibaki kimetulia ni marudio yanayofuata. Kliniki hueleza habari za wiki 12 kwa kirefu, na marudio wakayataja wakati mgonjwa anavaa koti aondoke. Mimi nitakueleza zaidi hayo marudio, lakini kwanza tuanze na chumba chenyewe usije ukaogopa.

Unakaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa. Nesi anapapasa upande wa ndani wa mguu, kiasi cha vidole vitatu juu ya kifundo, nyuma kidogo ya mfupa wa muundi. Hapo anaingiza sindano nyembamba mno, hailingani kabisa na ile ya kutolea damu. Kibandiko kinawekwa upande wa ndani wa kisigino au chini ya unyayo, waya unaunganishwa na kimashine kidogo cha kushika mkononi. Kisha anaupandisha umeme polepole hadi kidole gumba cha mguu kijikunje chenyewe, au vidole vitanuke, au wewe mwenyewe uhisi msisimko unateremka hadi unyayoni. Hiyo ndiyo alama kwamba neva imepatikana. Ukihisi tu pale penye sindano na unyayo umekaa kimya, sema. Usione haya kumwambia nesi aitoe aiweke tena. Mimi kuna siku nimewekewa mara tatu na sikujali, kwa kuwa bila kuipata neva utakuwa umekaa nusu saa bure.

Umeme wenyewe ni mdogo sana. Mashine hizo hufanya kazi kati ya miliampea 0.5 na 9, mapigo 20 kwa sekunde. Mimi hukaa na tasbihi yangu. Madhara niliyoyaona kwangu ni damu tone moja, na mara nyingine alama ya bluu inayokwisha kwa siku chache. Wengine huumwa kidogo pale sindano ilipoingia, au mguu ukawa na ganzi kwa muda. Kuharibika neva sijakutana nako, si kwangu wala kwa tunaokutana nao kliniki, na binti yangu ambaye ni nesi alinisomea matokeo ya utafiti wa miaka mitatu: hakukuwa na madhara makubwa yaliyotokana na tiba yenyewe.

Kwa nini mguu? Neva hiyo inayopita nyuma ya kifundo haikuanzia mguuni. Imetoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia pingili za chini za kiuno hadi zile za kitokono, na hapo kwenye kitokono, kwenye mizizi ya neva wanayoiita S2 na S3, ndipo zinapotoka pia neva za kibofu. Ukiigusa kwa umeme huku chini, habari inapanda hadi mahali pale pale ambapo kibofu kinapeleka habari zake. Kibofu chako wewe kinapiga kelele kwamba kimejaa wakati hakijajaa hata nusu. Umeme unazipunguza zile kelele. Kibofu chenyewe hakiguswi, na ndiyo maana hutakuwa na shida ya kushindwa kukojoa kama uliyoiogopa kwa Botox.

Sasa subira. Wiki za mwanzo sikuona kitu, na wengi hawaoni. Nafuu kwa kawaida huanza kujitokeza katikati, wiki ya sita hivi, na kuna wanaofika hadi karibu na mwisho ndipo waone. Kwangu ilianzia usiku: nikaanza kulala vipande virefu zaidi. Mchana ulichelewa. Kwa hiyo usiache wiki ya nne ukasema haifai. Na usitegemee kumbukumbu, kumbukumbu hudanganya. Chukua daftari, siku tatu kabla hujaanza andika kila unapokojoa, saa ngapi, kiasi gani kwa kikombe cha kupimia, umekunywa nini, na mkojo umetoka wenyewe mara ngapi. Rudia katikati na mwisho. Mimi ningeapa kwamba sijabadilika, daftari ndilo lililonionyesha kwamba nimebadilika.

Kuhusu ukweli wa tiba yenyewe, maana kuna watakaokuambia ni imani tu: ulifanyika utafiti Marekani, ukachapishwa 2010, watu 220. Nusu walipewa umeme wa kweli, nusu wakafanyiwa igizo, sindano isiyoingia, bila wao kujua. Baada ya wiki 12, waliosema wamepata nafuu ya wazi walikuwa asilimia 54.5 kwa umeme wa kweli, na asilimia 20.9 kwa igizo. Angalia namba zote mbili. Tofauti ni kubwa, na hapo hapo karibu nusu ya waliopata umeme wa kweli hawakufikia nafuu hiyo. Ukienda nenda ukiijua hiyo ya pili pia.

Kisha 50 kati ya walionufaika wakafuatwa kwa miaka mitatu, na hapa ndipo penye jibu lako. Walipunguziwa polepole kutoka wiki hadi wiki kadhaa, kila mmoja akatafutiwa mwachano wake, yaani muda kati ya tiba moja na nyingine. Wengi wao waliishia kwenye mara moja kwa mwezi, na kidogo zaidi. Waliofika mwisho wa miaka mitatu walikuwa 29. Waliohesabiwa kuwa bado wana nafuu yao walikuwa asilimia 77. Kwa hiyo tiba haichoki haraka ukiitunza, ila kuitunza ni kazi, na wengine njiani huondoka.

Mimi nimepata ushahidi wangu bila kuutaka. 2020 kliniki zilipofungwa kwa ajili ya korona, umeme ukakatika. Mwezi wa kwanza nilikuwa sawa. Wa pili nikaanza kuamka tena. Baadaye nikarudi kwenye pedi nene. Walipofungua, nilipewa tena za kila wiki kwa kipindi, kisha kila mwezi, na nafuu ikarudi. Ilirudi, mwanangu. Hilo lilinipa moyo kuliko karatasi yoyote.

Sasa yale ya kuuliza kabla hujakubali sindano ya kwanza. Uliza: baada ya wiki 12, marudio yangu yatafanywa hapa hapa, na kwa muda gani? Kuna kliniki ambazo hutoa wiki 12 na hazina nafasi ya marudio. Kupewa nafuu kisha ikaachwa ipotee ni jambo linaloumiza kuliko kutopewa. Uliza nani atakuamulia mwachano, kama wanakubali kuusogeza hadi wiki tano au sita ukiwa vizuri, na kuurudisha wiki tatu dalili zikianza. Uliza watachoma mguu gani, mimi hubadilishiwa. Na kazini omba barua mapema, kwa sababu wewe una zamu, na wiki 12 mfululizo bila kukosa zinahitaji mwajiri anayejua.

Ama dawa za mizizi: mshukuru mama mkubwa, usimkatalie vibaya. Lakini usichanganye kitu usichokijua wakati huu, maana huenda baadaye usijue kilichokusaidia ni kipi, na una presha.

Kuhusu sala, muulize shekhe unayemwamini. Mwenye mkojo usiokatika ana hukumu yake, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, akajihifadhi, akasali. Wako unakuja na kuondoka, ndiyo maana nasema uliza. Usijifungie nyumbani kwa kudhani tu.

Kisauni_Dallas alijibu:

Bi Mkubwa, shikamoo. Umesema yote. Mimi naongeza upande wa ile betri aliyoikataa dada yetu, asije akaikataa moja kwa moja kwa sababu ya woga, kwani umeme wa mguu usipomfaa hiyo ndiyo ngazi inayofuata.

Mimi ni mwanamume, wa Kisauni, Mombasa, naishi Dallas, dereva wa lori la masafa marefu. Mtu wa lori mwenye kibofu cha namna hii mnaweza kumfikiria. Kliniki ya kila wiki isingewezekana kwangu, leo niko Texas, keshokutwa Ohio. Ndiyo maana nilichagua ya kupandikizwa.

Hii si ngeni. Madaktari Emil Tanagho na Richard Schmidt wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliihangaikia tangu miaka ya 1980, na serikali ya Marekani iliidhinisha kifaa cha InterStim cha kampuni ya Medtronic mwaka 1997. Waya mwembamba wenye vituo vinne vya umeme unapitishwa kwenye tundu la mfupa wa kitokono, karibu na mzizi wa S3, huo huo aliotaja Bi Mkubwa. Uzuri wake ni kwamba unajaribu kwanza. Nilitembea na waya umetokea nje, umeunganishwa na kisanduku kiunoni, nikiandika daftari. Kipimo chao ni kwamba dalili zipungue angalau kwa nusu. Zikipungua, betri inawekwa chini ya ngozi, juu ya tako. Zisipopungua, waya unatolewa na maisha yanaendelea.

Ukiuliza ya muda mrefu: kuna utafiti uliofuata watu 272 waliopandikizwa kwa miaka mitano. Kati ya waliofuatiliwa hadi mwisho, asilimia 82 walikuwa bado wanafaidika. Ukiwahesabu pia wale walioishia njiani ambao hali zao za mwisho zilijulikana, inashuka hadi asilimia 67. Kwa upande wa taabu, zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano alihitaji kufanyiwa upasuaji mwingine kwa sababu ya tatizo, kama maumivu pale penye betri au waya kusogea, na theluthi walibadilishiwa betri. Mimi nimo katika hao wa mwisho. Betri ya kwanza iliisha, nikarudi chumba cha upasuaji, nikatoka siku hiyo hiyo.

Siku hizi kuna za kuchaji. Ya kampuni ya Axonics iliidhinishwa Marekani 2019, imetengenezwa idumu angalau miaka 15, na Medtronic wakatoa ndogo yao ya kuchaji 2020. Kabla ya kukubali, uliza mambo mawili: kifaa hicho kinaruhusu kipimo cha MRI cha mwili mzima, au cha kichwa tu? Changu cha kwanza kilikuwa cha kichwa tu, na nilipoumia bega ilikuwa shida. Na la pili, nani atakipanga upya karibu na ninapoishi? Kwa sababu kuna wakati kinafifia, si kwamba kimekufa, kinahitaji tu kubadilishiwa programu. Nina rimoti, najiongezea na kujipunguzia mwenyewe ndani ya kiwango walichoniwekea. Uwanja wa ndege natoa kadi yangu, nasema nina kifaa mwilini.

Na kuna vingine vipya, vya kupandikizwa kifundoni penyewe. eCoin iliidhinishwa Marekani Machi 2022. Ni kisarafu chini ya ngozi ya mguu, kinajiwasha chenyewe nusu saa kila siku chache. Revi ikafuata 2023. Hiyo haina betri ndani, unavaa kitu kama bangili mguuni nyumbani ndipo inafanya kazi. Sijaviwekewa, ila dada mwenye zamu kama wewe, mtu wa kutoka usiku kwenda mchana, ningeuliza kama vitafika huko.

Fizio_Moro alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, Morogoro. Naandika kwa ajili ya wasomaji walio nyumbani, maana najua baada ya uzi huu simu zitaanza: "hiyo sindano inapatikana wapi?"

Kabla ya umeme wowote, fanya aliyoyafanya dada wa Leicester. Pima mkojo, pima sukari. Huku kwetu nimeona watu wamemeza dawa za UTI mfululizo bila mkojo kuoteshwa maabara hata mara moja, na UTI yenyewe hawana. Mwanaume apimwe tezi dume. Mwanamke aliyejifungua kwa uchungu mrefu, na mkojo unatoka saa zote bila hata kubanwa, huyo asifikirie kibofu kisichotulia. Aangaliwe fistula. Hiyo ni tundu, inahitaji upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaifanya kazi hiyo miaka mingi. Umeme wa kifundoni hautaziba tundu.

Baada ya hapo kuna kazi isiyo na mashine, na watu huidharau. Kuzoesha kibofu: ukibanwa, simama au kaa, usikimbie, kaza misuli ya nyonga haraka haraka mara kadhaa, subiri wimbi lipite, ndipo utembee kwenda chooni. Kama unaenda kila saa moja, jaribu kuongeza dakika kumi na tano wiki hii, nyingine wiki ijayo. Mpe kibofu wiki sita. Punguza chai ya rangi, kahawa na soda, hasa jioni. Lakini maji usiache. Mkojo mzito unakichokoza kibofu, na choo kigumu kinakibana. Yote mawili yanarudisha tatizo.

Ama umeme bila sindano. Ndiyo, kuna namna ya kutumia vibandiko viwili vya ngozi, kimoja nyuma ya kifundo upande wa ndani, kingine juu yake kiasi cha sentimita kumi, kwa mashine ya kawaida ya TENS, ya kupitisha umeme mdogo kwenye ngozi, tuliyonayo idara nyingi za fizio. Mimi naitumia kwa wagonjwa wachache ninaowafuatilia, na baadhi wamenufaika. Nasema ukweli wote: Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, wa 2019 kwa wanawake unasema hiyo ya vibandiko isitolewe, kwa kuwa ushahidi hautoshi, na hata ya sindano itolewe tu baada ya kikao cha timu, dawa zikishindwa na mgonjwa asipotaka Botox wala betri. Ndiyo maana dada yetu alikaliwa kikao. Mimi naitumia kwa sababu wagonjwa wangu hawana hizo nyingine za kuchagua, na ninawaambia hivyo kabla sijabandika.

Msikimbilie kununua mashine Kariakoo mkajiwekea. Mwenye betri ya moyo hapana. Mjamzito hapana. Mwenye ganzi ya miguu kwa kisukari aonwe kwanza, maana neva yenyewe huenda haipitishi, na ngozi inaweza kuungua bila yeye kuhisi. Na vibandiko havikuonyeshi ile alama ya kidole gumba aliyoieleza Bi Mkubwa kwa urahisi wa sindano. Inabidi mtu aliyefundishwa akuonyeshe mahali mara ya kwanza.

Binti_Chumbageni aliandika:

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma nikalia, si kwa huzuni. Kaka wa Dallas na mtaalamu wa Morogoro, ahsanteni sana.

Nimepiga simu kliniki leo kuuliza lile la marudio. Nesi amesema wanayo, ila mapitio hufanyika kila baada ya miezi kadhaa, na nafasi haipewi mtu ambaye daftari lake halionyeshi faida. Nimeona ni haki. Nimemwambia pia kuhusu zamu, akasema ataniandikia barua.

Nina swali moja limebaki. Mwakani nataka kwenda Tanga, nikae Ramadhani yote na Idi na baada yake kidogo, kama miezi miwili. Nikishafika kwenye ya kila mwezi, nikikosa hizo mbili nitarudi nyuma hadi mwanzo? Na kufunga je?

BiMkubwa_Wete alijibu:

Marahaba mwanangu. Nenda Tanga.

Mimi huenda Pemba na nimelijaribu hili. Kwangu miezi miwili ndiyo mpaka. Wako unaweza kuwa tofauti, na ndiyo sababu ninakuambia usipange safari ndefu ndani ya miezi ya mwanzo ya marudio. Kwanza ujijue unakaa wiki ngapi kabla dalili hazijaanza kunyemelea. Ukishajijua, mwombe nesi akufanyie mara ya mwisho karibu kabisa na siku ya kuondoka, na akuwekee miadi ya wiki ile ile unayorudi. Iandikwe kabla hujapanda ndege, maana ukirudi ndipo uanze kuomba utangoja. Mimi nikirudi hupewa mbili au tatu zilizofuatana kwa wiki, halafu naendelea na mwezi wangu. Sijawahi kurudishwa kwenye 12 kwa sababu ya safari.

Ukiwa huko, fanya aliyoyasema kijana wa Morogoro, yale ya kusimama na kungoja wimbi lipite. Hayo unasafiri nayo.

Kuhusu kufunga, mchana wengi hupumzika kwa sababu hakuna kinywaji. Shida ni usiku: watu hufuturu kwa chai na kahawa, uji, maji ya matunda, yote kwa saa mbili, kisha wanasimama tarawehe. Gawanya. Futuru kwa tende na maji bilauri moja, kula, ngoja. Kunywa kidogo kidogo baada ya tarawehe hadi daku, na chai ya rangi iache kabisa mwezi huo, au iwe ya tangawizi bila majani. Uende chooni kabla ya isha hata kama hujabanwa. Kaa safu ya nyuma karibu na mlango, hakuna atakayekuuliza.

Na presha yako ipimwe kabla hujasafiri, umuulize daktari kama dawa zake zinakuruhusu kufunga. Zile za kukojosha maji, kama unapewa, uulize zinywewe saa ngapi, kwa sababu ukizinywa wakati wa kufuturu zitakuamsha usiku kucha na utadhani umeme umekufa.

Ukifika wiki ya sita uje hapa utuambie daftari linasemaje.